Kemo kwa saratani isiyopona: tupime miezi au tupime nafuu?

Binti wa Chumbageni

Assalaam aleikum na habari za jioni kwenu nyote. Ninaandika kutoka Tanga mjini, na ninaomba mawazo ya watu waliowahi kupita njia hii, wawe wauguzi, madaktari au jamaa wa wagonjwa.

Baba yangu ana umri wa miaka 71. Alifanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya mkonge, na mpaka mwaka jana alikuwa akitoka nyumbani kwa miguu hadi Ngamiani kununua mahitaji na kurudi bila kupumzika. Alianza kukwamwa na nyama, baadaye ugali, baadaye hata mkate uliolowekwa kwenye chai. Tulimpeleka hospitali ya Bombo hapa Tanga, akaandikiwa rufaa ya Dar es Salaam, akapigwa kamera ya koo na kukatwa kinyama, majibu yakaja kuwa ni saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, na kipimo cha CT kikaonyesha kwamba imeshafika kwenye ini. Daktari bingwa alituita mimi na kaka yangu, akatuambia kwa upole kwamba ugonjwa huu hauponi, lakini ipo kemo, yaani dawa ya saratani ya dripu, inayotolewa kila baada ya wiki tatu, ambayo inaweza kumwongezea muda na kumpunguzia dalili.

Maneno hayo mawili, muda na dalili, ndiyo yaliyotugawa. Kaka ameshika neno la kwanza, na anasema kwamba ikiwa ipo dawa ya kumwongezea mzazi wetu hata miezi miwili, basi tutauza kiwanja cha Pongwe na tutakwenda. Mimi nimeshika la pili, kwa sababu ndiye ninayelala chumba cha jirani na kumsikia usiku. Mama hajasema upande wowote. Kila asubuhi anapika uji wa mchele, anauchuja mara mbili kwa kitambaa cheupe, anaumimina kwenye kikombe cha bati, na baba anaunywa kwa kijiko cha chai. Anameza kijiko kimoja, anashika shingo kwa vidole viwili, anasubiri mpaka ahakikishe kimeshuka, ndipo anachota kingine. Kikombe kimoja kinamchukua saa nzima. Mate yasiyopita anayatema kwenye kopo lenye kifuniko, na kopo hilo hataki mtu mwingine alimwage.

Maswali yangu ni haya. Dawa hii, kwa mtu mwenye hali kama yake, inarudisha uwezo wa kumeza au inazuia tu ugonjwa usikimbie? Tukianza, tutajuaje kwamba inamsaidia, na tutajuaje kwamba wakati wa kuacha umefika? Halafu lipo la tatu, ambalo ninaliona aibu kuliandika: baba anajua kwamba ana uvimbe, lakini hakuna aliyemwambia kwamba hauponi. Je, ni haki sisi watoto tukae tukipima miezi yake na maumivu yake bila yeye kuwemo?

Muuguzi Mstaafu, Muheza

Waaleikum salaam, mwanangu, na pole sana kwa kuuguza. Nimefanya kazi ya tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mwenye ugonjwa mzito, miaka mingi, katika huduma iliyoanzishwa pale Hospitali Teule ya Muheza, na maswali yako nimeyasikia barazani kwa watu wengi, tena mara nyingi wakati umeshapita. Umeuliza mapema, na hilo peke yake ni jambo la kheri kwa mzee.

Nianze na swali la kumeza, maana ndilo linalomtesa. Kemo inaweza kupunguza uvimbe na kufungua njia ya chakula, lakini haifanyi hivyo kwa siku mbili. Ikifanya, ni baada ya wiki kadhaa na dozi moja au mbili, na si kwa kila mgonjwa. Zipo njia nyingine mbili ambazo kazi yake hasa ni hiyo ya kumeza. Moja ni stenti, yaani kibomba cha wavu kinachopitishwa kwa kamera na kuachwa ndani ya umio ili kuushikilia wazi; nafuu yake huonekana ndani ya siku chache, ingawa kinaweza kuleta maumivu ya kifua, kiungulia, na wakati mwingine kuhama mahali pake. Nyingine ni mionzi, ama ya nje ama ile inayopelekwa ndani ya umio wenyewe, ambayo hukawia kidogo kuleta nafuu lakini nafuu hiyo hudumu zaidi. Muulizeni daktari, kabla ya neno lolote la dripu, ni ipi kati ya njia hizi inayopatikana pale alipo na inayomfaa baba. Msimwahidi mzee kwamba atakula bada, ule ugali wa muhogo, tena kama zamani, kwa sababu hata mwenye stenti hulazimika kula vyakula laini, lakini mashendea, ndizi iliyopondwa na samaki aliyechambuliwa miiba vinaweza kurudi, na kwa mtu anayekunywa kikombe cha uji kwa saa nzima hilo si jambo dogo.

Pili ni maumivu ya usiku uliyoyataja kwa kupita. Usisubiri kemo ndiyo iyaondoe. Morfini ya maji inanyweka kwa mtu anayeweza kumeza uji, hutolewa kila baada ya saa nne, na dozi yake hupandishwa taratibu mpaka maumivu yatulie. Watu wengi huku kwetu wanaiogopa kwa kudhani kwamba mtu akishaanzishiwa morfini basi ameagwa. Si kweli. Ikitolewa kwa kipimo haimharakishi mtu kufa. Humpa usingizi wa siku mbili tatu za mwanzo, kisha huzoeleka, na kero yake kubwa ni kufunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile morfini inapoanza. Nimewaona wazee waliokuwa wakiomba kufa wakirudi kukaa barazani na kuuliza bei ya samaki kwa sababu ya kichupa hicho.

Sasa njoo kwenye hesabu ambayo familia nyingi haziifanyi. Chukua kalenda, uandike siku 21 za mzunguko mmoja. Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 350, kwa Muheza, Segera, Mkata, Msata na kuendelea, na mgonjwa asiyeweza kumeza mate yake hawezi kukaa ndani ya basi kama wewe na mimi. Weka siku ya kwenda, siku ya kupima damu, siku ya dripu, siku ya kurudi. Weka siku nne au tano za kichefuchefu na uchovu. Weka siku ya pili ya kupima damu, kwa kuwa chembe nyeupe za damu, zinazoukinga mwili na maambukizi, hushuka kati ya wiki ya kwanza na ya pili, na mgonjwa akipata homa wakati huo si ya kusubiri asubuhi. Utaona kwamba siku ambazo baba atakuwa nyumbani, ana nafsi yake, ni labda kumi katika zile 21. Sisemi kwamba kumi ni chache. Ninasema mzihesabu, kisha mumwambie mwenye siku zake.

Na hapo ndipo ninapolijibu swali lako la tatu. Msiamue bila yeye. Mzee aliyeishi miaka 71 na kuona mwili wake ukipungua wiki hadi wiki anajua zaidi ya mnavyodhani. Muulizeni kwanza, "Baba, unauelewaje ugonjwa huu, na ungependa tukwambie kiasi gani?" Wapo wanaosema niambieni yote, na wapo wanaosema mwambieni mwanangu mkubwa, mimi nipumzisheni. Majibu yote mawili ni haki yao, lakini lazima yatoke kinywani mwao.

Mkaazi wa Pangani

Ninamheshimu sana mama aliyeandika hapo juu, na mengi aliyoyasema ni kweli tupu, ila ninaomba miezi isidharauliwe.

Kaka yangu mkubwa alikuwa na saratani ya tezi dume iliyoingia kwenye mifupa ya kiuno na uti wa mgongo. Dawa za homoni zilipoacha kufanya kazi, alipewa kemo ya kila wiki tatu, akiwa anatembea kwa kujishika ukutani. Baada ya dozi ya pili aliacha kujishika. Hakuna aliyetuahidi kwamba atapona, na hakupona, lakini aliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa, na ndani ya muda huo alikwenda mwenyewe kwenye baraza la ardhi la kata mara nne, akamaliza mgogoro wa minazi uliokuwa umewatenganisha yeye na binamu yetu tangu marehemu baba yetu alipofariki. Karatasi ile aliitia saini kwa mkono wake. Mtu akiniambia kwamba miezi ile ilikuwa ni kurefusha mateso tu, nitamwambia kwamba hakuwapo.

Hata hivyo niseme na upande wa pili, kwa kuwa dada ameomba ukweli. Kuanzia dozi ya tano vidole vilianza kufa ganzi. Siku moja ya Ijumaa nilimkuta amekaa kitandani, kanzu imeshaingia mwilini, anahangaika na kifungo kimoja cha shingoni. Hakuwa na maumivu. Vidole tu havikukijua kifungo. Nilimfungia, akaniambia, "Hii ya leo ndiyo ya mwisho, mwambie daktari." Daktari hakubisha. Alipima, akakubali kwamba dawa sasa inachukua zaidi ya inavyotoa, akamwacha na dawa za maumivu. Ninachotaka kusema, dada, ni kwamba kuanza si kufungwa. Mnaweza kuanza na mkaacha, na kuacha si kumtupa mgonjwa.

Daktari, Tanga

Nimesoma kwa makini, na kwa kuwa simwoni mgonjwa sitasema apewe nini, lakini ninaweza kueleza namna sisi upande wa hospitali tunavyolipima jambo hili, ili mnapokwenda kwa daktari wake muwe na maswali yenye uzito.

Neno la kwanza la kulielewa ni muda wa kati. Mkisikia kwamba wagonjwa waliopewa dawa fulani waliishi miezi tisa, maana yake si kwamba kila mmoja aliishi miezi tisa. Wapangeni watu 100 kwa foleni, wa kwanza awe aliyeishi siku chache zaidi na wa mwisho aliyeishi nyingi zaidi. Miezi tisa ni ya yule aliyesimama katikati. Nusu hawakufika hapo na nusu walipita, wachache wao kwa mbali sana. Kwa hiyo "atapata miezi miwili zaidi" ni kauli inayohusu foleni, na baba yako amesimama mahali pamoja tu katika foleni hiyo.

Neno la pili ni kwamba nafuu inaweza kupimwa kama siku zinavyopimwa, na zimewahi kufanywa tafiti kubwa ambazo nafuu ndiyo iliyokuwa lengo. Mwaka 1996 madaktari wa Kanada walichapisha utafiti wa wanaume 161 wenye saratani ya tezi dume isiyosikia homoni tena, mfano wa kaka wa ndugu yetu wa Pangani. Nusu walipewa kemo ya mitoksantroni pamoja na vidonge vya predinisoni, nusu predinisoni peke yake. Maumivu yalipungua kwa kiwango walichokiweka kwa asilimia 29 ya waliopata kemo dhidi ya asilimia 12 ya wenzao, na nafuu hiyo ilidumu zaidi, ila urefu wa maisha haukutofautiana. Dawa ile haikumwongezea mtu siku, lakini ilistahili kutolewa. Mwaka uliofuata ukatoka utafiti wa saratani ya kongosho, wagonjwa 126, ambamo dawa moja ya kemo, jemsitabini, ililinganishwa na nyingine, fluorourasili, kwa kuangalia maumivu, matumizi ya dawa za maumivu, nguvu za mwili na uzito. Walioonyesha nafuu ya kweli kwa jemsitabini walikuwa asilimia 23.8 dhidi ya 4.8, na muda wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 5.65 dhidi ya 4.41. Tazameni hapo: tofauti ya muda ni kama wiki tano, lakini mtu mmoja kati ya wanne alihisi tofauti mwilini mwake. Mkiuliza miezi tu mtaikosa nusu ya habari.

Kwa umri wa baba yako upo utafiti mwingine ambao ninaupenda, kwa sababu umewaangalia wazee na wadhaifu ambao kwa kawaida tafiti huwaacha nje. Ulifanywa Uingereza na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2021, kwa wagonjwa 514 wenye saratani ya umio au ya tumbo iliyosambaa. Walipewa dawa zilezile mbili kwa viwango vitatu, kamili, asilimia 80 na asilimia 60. Kiwango cha chini kabisa kiliuzuia ugonjwa karibu sawa na kiwango kamili, na wagonjwa wake walipata madhara machache na wakawa na hali bora kwa ujumla. Ni lazima niongeze kwamba wengi wao walikuwa na aina ya saratani inayotokana na tezi, ilhali huku Afrika Mashariki aina tunayoiona zaidi kwenye umio ni ile ya ngozi ya ndani, kwa hiyo namba hizo msizichukue kama zilivyo. Lakini swali lake mnaweza kulichukua: "Daktari, kwa mzee huyu, tunaweza kuanza na dozi iliyopunguzwa?" Si swali la ujinga wala la kumkosea heshima.

Kuhusu nani afae kuanza, tunatumia kipimo cha nguvu za mgonjwa kiitwacho ECOG, ambacho jamaa nyumbani wanaweza kukisoma vizuri kuliko sisi. Sifuri ni mtu anayefanya kila kitu kama zamani. Moja ni anayetembea mwenyewe na kuweza kazi nyepesi. Mbili ni anayejihudumia lakini hawezi kazi, na zaidi ya nusu ya saa zake za mchana hayuko kitandani. Tatu ni ambaye zaidi ya nusu ya mchana amelala au amekaa tu. Nne haondoki kitandani kabisa. Aliye sifuri au moja huivumilia kemo vizuri zaidi. Wa mbili tunamtazama kwa uangalifu. Wa tatu na nne, kwa saratani nyingi za aina hii, dawa humdhuru kuliko inavyomfaa. Tafadhali msimpandishe daraja baba mbele ya daktari kwa sababu mnatamani dawa. Nimeona familia ikimvalisha mgonjwa vizuri, ikimshika kwapa hadi mlangoni, kisha ikimwachia aingie peke yake hatua tano. Ninawaelewa, lakini hatua zile tano zinaweza kumgharimu.

Na jambo moja kuhusu figo, kwa kuwa linamhusu moja kwa moja. Sisiplatini, dawa ya kemo ambayo hutumika sana kwa saratani ya umio, inahitaji mgonjwa awe na maji ya kutosha mwilini kabla na baada ya dripu. Mtu anayekunywa kwa kijiko cha chai ataishiwa maji akifika nyumbani, na figo zitalipa. Ndiyo maana ninakubaliana na mama Muuguzi: njia ya chakula ifunguliwe kwanza, ndipo mazungumzo ya kemo yawe na maana.

Mama wa Bagamoyo

Ninaandika kwa uchungu, naomba mnivumilie.

Mama yangu mzazi alipewa dozi ya mwisho ya kemo siku 16 kabla ya kufariki. Wakati huo alikuwa hainuki kitandani wiki mbili nzima. Hospitali siitaji, na wala sisemi kwamba daktari alikuwa na nia mbaya. Nadhani hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kusema neno "tuache", sisi tukimwogopa yeye na yeye akituogopa sisi. Tulimbeba kutoka nyumbani Bagamoyo alfajiri, akatapika njia nzima, akalazwa wodi asiyomjua mtu, akafia huko. Alikuwa ameomba kitu kimoja tu, kuoshwa na dada yake na kulala chumba kinachotazama mwembe wake. Hakukipata.

Baadaye nilisoma utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015, uliofuata wagonjwa mpaka wiki yao ya mwisho. Waliokuwa bado na nguvu kiasi na wakapewa kemo karibu na mwisho walikuwa na wiki ya mwisho mbaya zaidi kuliko wenzao wasiopewa, na waliokuwa wameshadhoofu hawakupata faida yoyote. Nililia niliposoma, kwa kuwa tulikuwa tumeuza ng'ombe wawili kununua wiki ile.

Dada wa Chumbageni, andikeni mapema, kwenye karatasi, ni jambo gani likitokea mtaacha. Siku hiyo ikifika hamtakuwa na akili ya kufikiri.

Daktari, Tanga

Pole sana, mama. Ulichokieleza kinatokea, na lawama yake ni yetu zaidi kuliko yenu.

Niongeze moja tu, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba tiba shufaa ni mlango wa kutokea dawa zikishindwa. Mwaka 2010 hospitali moja ya Boston ilichapisha utafiti wa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Wote walipata matibabu ya kawaida ya saratani, lakini nusu yao waliunganishwa na timu ya tiba shufaa tangu mwanzo. Hao walikuwa na maisha bora na huzuni kidogo, wachache zaidi kati yao walipewa matibabu makali mwishoni, na hata hivyo muda wao wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 11.6 dhidi ya 8.9 ya wenzao. Kwa hiyo huyo kaka anayetaka muda na huyo dada anayetaka nafuu wanaweza kuianza safari kwa mlango mmoja: timu ya tiba shufaa imwone mzee wiki hii, kemo iamuliwe au isiamuliwe.

Binti wa Chumbageni

Ninawashukuru nyote, na Mama wa Bagamoyo ninakuombea subira. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kwanza nizungumze na baba.

Nilingoja mpaka baada ya alasiri, wakati anapotolewa kukaa kwenye mkeka nje, nikamuuliza kama nilivyofundishwa: anauelewaje ugonjwa wake. Alinyamaza, akafuta mdomo, akasema, "Nimekata mkonge miaka thelathini. Mkonge ukishatoa mlingoti, shamba zima linajua." Kisha akaniuliza kama mama anajua. Nikamwambia anajua. Akasema, "Basi mbona mnanong'ona?"

Tulimwita kaka, na nikaweka kalenda mbele yao kama mama Muuguzi alivyoagiza. Kaka alizihesabu siku za barabarani mara mbili, kisha akakaa kimya, na sijawahi kumwona kaka yangu akikosa la kusema. Baba ndiye aliyesema. Anataka njia ya koo ifunguliwe kwanza, awe na uwezo wa kunywa maji kwa glasi. Baada ya hapo, akiwa bado anakwenda msalani mwenyewe, yuko tayari kujaribu dozi mbili za dawa iliyopunguzwa, na si zaidi mpaka aulizwe tena yeye mwenyewe. Kiwanja cha Pongwe kisiuzwe. Na amekataa katakata kulala njiani zaidi ya usiku mmoja kwa kila safari.

Kaka ameyaandika yote kwenye daftari, na chini yake tumeandika mambo matatu ya kuacha: akishindwa kwenda msalani mwenyewe kwa wiki nzima, uzito ukiendelea kushuka baada ya dozi ya pili, au akisema tu basi. Daktari bingwa ametupa miadi ya wiki ijayo kwa ajili ya stenti, na tulipomsomea yale ya daftari kwa simu alisema kwamba angependa kila familia ije na ukurasa kama huo.

Limebaki jambo moja linalonitisha. Tukishaanza kemo na tukarudi Tanga, na homa ikampata usiku wa manane, tufanye nini hasa?

Muuguzi Mstaafu, Muheza

Mwanangu, nunua kipimajoto leo, usisubiri stenti. Kabla ya kuondoka Dar es Salaam omba barua fupi inayotaja jina la dawa, tarehe ya dozi na namba ya simu ya wodi, uiweke pamoja na kadi yake mahali ambapo hata jirani anaweza kuipata. Homa ikifika nyuzi 38 au akitetemeka kwa baridi ndani ya wiki mbili baada ya dripu, hata kama ni saa nane za usiku, mpelekeni Bombo papo hapo, mkabidhi barua hiyo kwa mtu wa kwanza wa mapokezi, na mtamke wazi kwamba amepewa kemo siku kadhaa zilizopita. Msimpe panado mkasubiri jua, kwa maana panado itashusha homa na kuuficha ugonjwa wa ndani. Mpange tangu sasa ni gari la nani litakalotumika, na mwenye gari ajue.

Na ile morfini, je, ameshaandikiwa? Sijaiona kwenye daftari lenu.

Binti wa Chumbageni

Bado, mama. Kesho asubuhi nitakwenda kuiulizia, pamoja na ile dawa ya choo.